Niccolò de' Conti: Mtu wa Venice Aliyeingia Bahari ya Hindi kwa Mlango wa Wenyewe

Kati ya mwaka 1439 na 1443, Papa Eugenius IV alipokuwa akikaa Florence, alifika mbele yake mtu mmoja wa makamo kuomba msamaha. Kosa lake lilikuwa kuikana dini yake. Mtu huyo aliitwa Niccolò de' Conti, mzaliwa wa Chioggia, mji mdogo wa pwani kusini mwa Venice, na kwao hakuwa ameonekana kwa karibu robo karne. Katika muda huo alikuwa amefika Damascus, Baghdad, Hormuz, Vijayanagar, Sumatra, Ava na Java. Alijua Kiarabu na Kiajemi, alivaa kama Waajemi, alioa huko huko Mashariki na akazaa watoto wanne. Alirudi na wawili.

Wengi wanamjua Marco Polo. Mimi nauza viungo Marikiti, Mombasa, kazi niliyoirithi kwa baba, na kwa jicho la muuza viungo Conti ananifaa zaidi. Polo alisafiri chini ya kivuli cha Kublai Khan, na alipokuwa akirudi kwao alibeba kibao cha dhahabu cha mfalme kilichoamuru kila mtu njiani ampe farasi, chakula na ulinzi. Mtu mwenye kibao kama hicho hajui bei ya kitu. Conti, miaka zaidi ya mia moja baadaye, hakuwa na mfalme nyuma yake, wala jeshi, wala ndugu. Ilimbidi aaminiwe na watu wasiomjua, bandari baada ya bandari, na mzigo mkononi.

Basi aliwezaje kufanya biashara kutoka Shamu hadi Java na akarudi hai? Jibu langu ni kwamba Bahari ya Hindi ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na masharti. Conti aliyakubali masharti hayo, hata yale yaliyomuumiza.

Damascus: kujifunza kabla ya kununua

Siku hizo Venice iliishi kwa viungo. Kila mwaka merikebu zake za makasia zilikwenda Alexandria na Beirut kununua pilipili manga, tangawizi, mdalasini, karafuu na kungumanga. Bidhaa hizo zilikuwa zimetoka India na visiwa vya mbali zaidi, zikapita Aden na Bahari ya Shamu, au Hormuz na Baghdad, na kila mkono uliozigusa ulikuwa umechukua chake. Katika miaka ya 1420 Sultani Barsbay wa Misri alizidisha mzigo huo: aliifanya biashara ya pilipili manga kuwa ya serikali yake, akauza kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Mnunuzi wa Venice alikuwa mtu wa mwisho katika foleni, analipia faida ya kila aliyemtangulia.

Conti alifika Damascus angali kijana, katika miaka ya 1410. Hakuwa wa kwanza. Wafanyabiashara wa Venice walikuwa na makazi yao huko na balozi wao wa kuwasemea kwa watawala. Waliishi wenyewe kwa wenyewe, wakanunua kwa dalali, wakasubiri meli, wakarudi kwao. Pwani ya mashariki ya Bahari ya Kati ndiyo iliyokuwa mwisho wa dunia yao ya biashara.

Yeye alijifunza Kiarabu. Jambo hilo linasemwa kwa sentensi moja katika habari zake, lakini ndilo lililofungua mengine yote. Mnunuzi anayetegemea mkalimani husikia bei aliyotayarishiwa. Anayejua lugha hukaa barazani, akanywa kinachonyweka, na kabla jua halijatua ameshasikia mzigo ulinunuliwa wapi, kwa kiasi gani, na nani ana shida ya fedha wiki hii.

Yamini ya washirika

Kutoka Damascus alijiunga na msafara wa wafanyabiashara 600 wakavuka jangwa kwenda Baghdad. Usiku mmoja, katikati ya jangwa, walisikia kishindo kikubwa wakadhani ni Mabedui wanaokuja kuwapora. Wakaona kundi kubwa la watu likipita karibu na mahema yao, kimya, bila kumgusa mtu. Wazoefu wa njia ile wakaeleza kuwa hao ni mashetani wanaozurura jangwani. Mimi nikisoma hapo hucheka: ilikuwa nafuu kwao kwamba ni mashetani tu, si wanyang'anyi.

Akapita Baghdad, akateremka Basra, akaingia Ghuba hadi Hormuz. Hormuz ni kisiwa kikavu, maji ya kunywa yaliletwa kutoka bara, lakini kwa sababu kimekaa mlangoni mwa Ghuba kilikuwa soko la lulu, hariri na farasi waliopelekwa kwa wafalme wa India. Mbele ya hapo, katika bandari ya Uajemi ambayo habari zake zinaiita Calacatia, Conti alitua kwa muda. Akajifunza Kiajemi, akavaa mavazi ya watu wa pale, na mavazi hayo akaendelea kuyavaa katika safari zake zote.

Kisha yeye na wafanyabiashara kadhaa Waajemi wakashirikiana chombo kwenda India. Kabla ya kutweka tanga walikula yamini kwamba watakuwa washirika waaminifu wao kwa wao.

Msomaji asiyefanya biashara anaweza kuipita habari hiyo haraka. Mimi naiona kuwa ndiyo kiini cha kisa chote. Hapakuwa na kampuni ya bima wala benki ya kutuma hawala kutoka Uajemi hadi Sumatra ambayo mgeni wa Chioggia angeweza kuitegemea. Mshirika akifa njiani, nani atatunza mzigo wake? Chombo kikikwama, nani atabeba hasara? Mmoja akiuza mapema kwa bei nzuri, atawaambia wenzake bei ya kweli? Maswali hayo yalijibiwa na kiapo, na kiapo kilikuwa na nguvu kwa sababu washirika walikuwa wanarudi bandari zile zile. Anayevunja yamini Hormuz hapati mali kauli Calicut, kusini mwa India. Na hao washirika walikuwa Waislamu wakimkubali mtu wa Venice, kwa kuwa alisema lugha yao na alikaa nao vya kutosha kujulikana tabia.

Mji wa mfalme na mlima wa hadithi

Walifika kwanza Khambhat, katika Gujarat, kisha wakafuata pwani kuelekea kusini. Kutoka pwani Conti alipanda bara hadi Vijayanagar, makao makuu ya ufalme mkubwa wa kusini mwa India. Alisema mji una mzunguko wa maili 60, kwamba kuta zake zinapanda milima na kufumbata mabonde, na kwamba una watu 90,000 wanaoweza kubeba silaha. Hesabu kama hizo huwa na chumvi, lakini mji wenyewe si wa kutunga. Mwaka 1443 alifika huko Abdur Razzaq, mjumbe wa Shah Rukh, mfalme wa Herat, naye akaandika kuhusu kuta saba, moja ndani ya nyingine. Magofu yake yako Hampi, katika jimbo la Karnataka, na mtu anaweza kutembea humo siku nzima asiyamalize.

Pwani ya mashariki alifika Mylapore, ambako Wakristo wa madhehebu ya Nestori walilitunza kaburi linalosemwa kuwa la Mtume Tomaso. Aliwakuta Wakristo hao sehemu nyingi za India.

Pia alisimulia kuhusu mlima wa almasi unaolindwa na nyoka. Watu hutupa vipande vya nyama, almasi zikanata, ndege wakaichukua nyama, watu wakaenda kuziokota pale ndege walipotua. Hadithi hiyo ni ile ile ya Sindbad, na ilizunguka bandari za Asia karne nyingi kabla yake. Ndiyo maana huwa namsoma Conti kwa kanuni moja: pale anapoeleza kitu kinavyolimwa, kinavyokaushwa na kufungwa, namwamini, pale anapoanza na nyoka, najua hayo aliyapata barazani.

Kwa jicho la muuza viungo

Sehemu ninazozirudia ni zile za mazao. Kuhusu tangawizi ya pwani ya magharibi ya India, alieleza kuwa ni mizizi ya mmea mfupi, ikichimbuliwa hunyunyiziwa majivu na kuanikwa juani siku tatu. Kuhusu pilipili manga ya Sumatra, alisema mmea wake hutambaa, punje huchumwa zikiwa za kijani, nazo hutiwa majivu zikakaushwa juani. Anayejua kazi hii ataelewa kwa nini mtu angekumbuka majivu baada ya miaka ishirini. Unyevu ndio adui wa mzigo wa baharini. Gunia lililofungwa likiwa bichi likifika ni ukungu mtupu, na hasara haina mwenye kuigawana nawe.

Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, alieleza mdalasini: mti wenye matawi yanayotanda kando badala ya kwenda juu, majani yanayofanana na ya mti wa laureli wa kwao ila makubwa zaidi, na ganda la matawi likiwa bora kuliko la shina. Hayo ni kweli mpaka leo. Mdalasini mwembamba unaojikunja kama karatasi hutoka kwenye matawi machanga. Ganda nene la shina ni la bei ya chini, na mchuuzi asiye na haya huyachanganya. Conti aliongeza kwamba matunda ya mti huo hutoa mafuta ya kujipaka, na kuni zake zikishamenywa huchomwa. Mtu aliyeuliza kinachofanywa na mabaki alikuwa anahesabu thamani ya mti mzima.

Sumatra alikaa mwaka mmoja. Aliikuta na dhahabu, kafuri na pilipili manga kwa wingi. Huko akala tunda ambalo hakuna Mzungu aliyekuwa amelieleza kabla yake: la kijani, ndani lina matunda matano yanayofanana na machungwa marefu, ladha yake kama jibini. Ni doriani, lile lile linalouzwa Unguja msimu wake ukifika. Mimi ningeanza na harufu. Yeye hakuitaja kabisa, na hapo ndipo ninapojua alilipenda.

Karafuu ilimpita kidogo. Alisema hutoka Bandan, mwendo wa siku kumi na tano mashariki ya Java. Visiwa vya Banda ni vya kungumanga na basibasi. Karafuu wakati ule ilikuwa ikilimwa Maluku, kaskazini yake, ikapita Banda kwenda masoko ya Java. Conti alikuwa anataja kituo cha mzigo akidhani ni shamba. Kosa hilo linaonyesha hasa alikoishia: alifika Java, akanunua au kuuliza sokoni, na habari za mbele alizipata kwa wauzaji. Wauzaji wa karafuu, kama wauzaji wote, hawakuwa na haraka ya kumwonyesha mnunuzi njia ya shambani. Pwani yetu iliipata karafuu katika karne ya 19, wakati mashamba ya Unguja na Pemba yalipopandwa.

Kusubiri pepo

Mwendo wake wote ulipangwa na pepo. Kusi ikivuma husukuma vyombo kutoka Arabuni kwenda India, kaskazi huvirudisha. Na katika maji ya Sumatra na Java nako kuna kupishana kwa namna yake. Anayekosa msimu hukaa. Mwaka mmoja wa Sumatra, miezi minne ya Pegu, miezi tisa ya Java ni muda wa mtu anayeuza, anayenunua, na anayetazama bendera inaelekea wapi. Katikati ya hayo aliingia mto Ganges, akaona mianzi minene ambayo watu waliitumia kutengeneza vyombo vya kuvulia, akapita Arakan na kupanda hadi Ava, zote, kama Pegu, katika Myanmar ya leo, ambako alijifunza jinsi tembo wa mwitu wanavyonaswa na kufugwa.

Vyombo vya bahari hiyo vilimshangaza mtu aliyekulia karibu na karakana za Venice. Alisema kuna vilivyo vikubwa kuliko vya kwao, vyenye uwezo wa kubeba mapipa 2,000, matanga matano na milingoti mitano. Sehemu ya chini ilipigwa mbao tabaka tatu ili kuhimili dhoruba. Vingine viligawanywa ndani kwa vyumba, kiasi kwamba upande mmoja ukivunjika, uliobaki unaweza kumaliza safari. Manahodha walifuata nyota za kusini badala ya sindano ya dira. Kati ya wafanyabiashara wa India, alisema, kulikuwa na matajiri wenye vyombo vyao 40, kila kimoja chenye thamani ya sarafu za dhahabu 15,000. Ducat ya Venice nayo ilikuwa ikipokelewa katika baadhi ya masoko hayo, kwa sababu dhahabu yake ilijulikana kuwa safi.

Kuna jambo jingine alilolisikia huko na akalirudia Florence bila kulificha. Watu wa huko walisema mataifa mengine ni vipofu, wao wana macho mawili, na Wafaranji, yaani watu wa Ulaya, wana moja. Kusema hivyo mbele ya wasomi wa Italia waliojiona kilele cha dunia kunahitaji mtu aliyeishi ugenini muda wa kutosha kuona kuwa mzaha huo una ukweli ndani yake.

Mama wa watoto wanne

Mke wa Conti hatajwi kwa jina. Tunachoelezwa ni kwamba alifuatana naye na watoto, wakakaa pamoja miezi ile tisa ya Java, kisha wakarudi naye magharibi. Mtu akisoma safari hizo kama ushujaa wa mwanamume mmoja anasahau kwamba katika chombo kulikuwa na mwanamke aliyenyonyesha, aliyepika, na kwa vyovyote aliyemfungulia mumewe milango ya watu ambayo mgeni mseja hafunguliwi. Katika biashara ya bahari hii ndoa ilikuwa dhamana. Mwenye mke na watoto mahali hatoroki na deni.

Walirudi kupitia Kollam, Kochi na Calicut, miji ya pilipili manga na tangawizi. Wakatua Socotra miezi miwili, kisiwa cha shubiri kilichokuwa na Wakristo wa Nestori. Kisha Aden, kisha Berbera, ng'ambo ya ghuba katika pwani ya Wasomali, kisha Jidda, wakielekea Misri.

Hapo masharti yakafika penye mfupa. Njia ya Bahari ya Shamu ilikuwa chini ya dola ya Misri, na Mkristo aliyekuja kutoka upande wa India alikuwa kitu kisichotakiwa: amepita nyuma ya soko la Sultani. Conti alilazimika kuikana dini yake, akihofia zaidi maisha ya mke na watoto kuliko yake. Mavazi ya Kiajemi aliyavaa kwa hiari, na lugha alijifunza kwa faida. Hili la tatu alilipa kwa woga, na ndilo lililompeleka baadaye mbele ya Papa.

Hakuwaokoa. Walipokuwa Misri tauni iliingia, ikamchukua mkewe na watoto wawili.

Katika siku hizo hizo za kurudi, karibu na mlima Sinai, alikutana na Pero Tafur, kabaila wa Kastilia aliyekuwa akisafiri kati ya 1436 na 1439 na aliyekuwa na hamu ya kwenda India. Conti alimkataza. Alimwambia njia ni ndefu na ya hatari, watu wa huko ni wageni kwake, na dhahabu na lulu atakazoziona hazitamfaa kitu. Tafur akageuza nia. Nimewahi kuwasikia wafanyabiashara wakizuia wenzao ili wabaki na soko peke yao. Huyu alikuwa akizuia kwa sababu alijua gharama, na Tafur hakuwa na Kiarabu, Kiajemi, wala mshirika hata mmoja.

Mwandishi wa Papa

Florence alimkuta Poggio Bracciolini, katibu wa Papa na mmoja wa wasomi wakubwa wa zama zake, yule aliyefufua shairi la Lucretius, mshairi wa Roma ya kale, kutoka katika maktaba ya watawa mwaka 1417. Karne moja baadaye Ramusio, mkusanyaji wa habari za safari, alieneza kwamba Papa alimpa Conti kitubio cha kumsimulia Poggio safari zake kwa ukweli. Poggio mwenyewe anasema alimhoji kwa hamu, katika mikutano ya wasomi na nyumbani kwake. Aliyoyapata aliyaandika kwa Kilatini na kuyafanya sehemu ya nne ya kitabu chake kuhusu kugeukageuka kwa bahati ya binadamu, alichokikamilisha karibu 1448.

Kwa hiyo tunamsikia Conti kupitia kinywa cha mtu mwingine, na inaonekana. Poggio aliuliza maswali ya msomi: wafalme wana wake wangapi, maiti huzikwa vipi, wajane huchomwa kwa namna gani, miungu huabudiwaje. Hakuuliza uzani wala ushuru. Ningelikuwa mimi mhoji, ningetaka kujua frasila ya pilipili manga ilinunuliwa kwa ngapi Kollam na kuuzwa kwa ngapi Aden. Hata hivyo majivu ya tangawizi yalipenya, na vyumba vya merikebu, na kiapo cha washirika. Mfanyabiashara hawezi kusimulia bila kutaja kazi yake, hata akihojiwa na katibu wa Papa.

Habari zake zilitembea haraka kuliko yeye. Wasomi wanaziona katika ramani kubwa ya dunia aliyoichora mtawa Fra Mauro, karibu na Venice, katikati ya karne ile, hasa katika majina ya India na visiwa vya mashariki. Mwaka 1492 simulizi ilichapishwa Italia kama kitabu cha peke yake. Mwaka 1502 Valentim Fernandes aliitoa Lisbon kwa Kireno, pamoja na kitabu cha Marco Polo.

Mashahidi watatu wa Calicut

Ili kujua kama Conti alikuwa na bahati tu au alikuta utaratibu, inafaa kumweka pamoja na wawili wengine waliofika Calicut katika miaka hiyo hiyo.

Wa kwanza ni Ma Huan, Mwislamu wa China, mkalimani katika misafara ya baharini ya Zheng He, amirali wa China. Alieleza kuwa merikebu za China zikifika, wakubwa wa mji, madalali na wageni hukaa pamoja kupanga bei ya kila bidhaa. Wakikubaliana hushikana mikono wote, na kuanzia hapo, bei ipande au ishuke, hakuna anayeruhusiwa kurudi nyuma.

Wa pili ni Abdur Razzaq, aliyefika mwishoni mwa 1442. Mji haukumpendeza. Pamoja na hayo alikiri kwamba mfanyabiashara angeweza kushusha mali yake, akaiacha sokoni bila kuilinda, na maofisa wa forodha wakaitunza. Ikiuzwa, walichukua sehemu moja ya arobaini. Isipouzwa, hawakutoza kitu.

Mchina, Mwajemi na mtu wa Venice hawakujuana wala hawakusomana. Kila mmoja, kwa sababu zake, alishuhudia bahari ambako mgeni aliweza kuweka mzigo chini na kuukuta. Hakuna aliyesema ilikuwa paradiso. Kulikuwa na maharamia, kodi za Sultani, tauni na vita vya wafalme bara. Lakini katika bandari mgeni alipimwa kwa neno lake na kwa asilimia mbili na nusu.

Mwezi Aprili 1498 Vasco da Gama alipita Mombasa, akapata rubani Malindi, na mwezi Mei akatia nanga Calicut. Miaka saba baadaye Mreno mwenzake Francisco de Almeida aliipora Kilwa na kuichoma Mombasa. Kitabu cha Conti kilikuwa kimeshatoka Lisbon wakati huo, na humo mlikuwa na kila kitu ambacho mfanyabiashara angehitaji ili aishi na watu wa bahari hii: jifunze lugha, vaa wanavyovaa, tafuta washirika, kula yamini, subiri upepo. Waliokisoma walichukua orodha ya bidhaa wakaacha masharti.

Conti mwenyewe alirudi Chioggia, akashika nafasi katika uongozi wa mji wake, akafa mwaka 1469. Mfanyabiashara hupimwa kwa hesabu ya mwisho, na hesabu yake ina hasara ambayo simtakii mtu: mke, watoto wawili, na imani aliyoikana kwa woga. Lakini kila alichodaiwa na wenyeji alikilipa, na hakuna mji katika njia yake uliokuwa maskini zaidi kwa sababu alipita. Waliokuja baada yake na mizinga walilipa kwa namna nyingine, na stakabadhi yao tunayo hapa Mombasa: ngome yao inayoitwa Fort Jesus.